Kalipa Iliyokwama: Kabla ya Kukimbilia Grogan

Breki inayoshikilia haianzi kwa kelele. Inaanza kwa joto. Ukifika nyumbani jioni, baada ya kusukumana na matatu kwenye Jogoo Road kutoka City Stadium hadi Donholm, pitisha kiganja karibu na rimu zote nne bila kuzigusa. Za mbele zitakuwa na joto zaidi, na hilo ni la kawaida, maana breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Lakini ikiwa ya kushoto ina uvuguvugu tu, na ya kulia inakufukuza kwa joto pamoja na harufu kali ya kitu kinachoungua, basi upande huo kuna kalipa iliyokataa kuachia.

Dalili nyingine hufuata. Gari linavuta upande mmoja hata kabla hujakanyaga breki. Ukilitoa gia kwenye mteremko mdogo, halibingiriki kama zamani. Rimu moja inajaa vumbi jeusi siku mbili baada ya kuoshwa huku mwenzake ikibaki safi. Mafuta yanaisha upesi. Tunasubiri tangazo la EPRA kila tarehe 14 ya mwezi kwa roho juu juu, tukilalamikia kila shilingi inayoongezwa kwa lita, kisha asubuhi tunaondoka na gurudumu linaloburuta breki kutoka Kayole hadi mjini. Injini inasukuma gari na breki kwa wakati mmoja, na mwenye gari analipia vyote viwili.

Ukilipeleka gari hilo kwenye gereji ya kando ya barabara, iwe Umoja, Dandora au Kariobangi, mara nyingi jibu linakuja kabla gurudumu halijafunguliwa: “Mkubwa, hii kalipa imekufa. Toa pesa nitume kijana akuletee nyingine Grogan.” Grogan ni Barabara ya Kirinyaga. Jina rasmi lilibadilishwa zamani, lakini katika midomo ya mafundi yule mlowezi Ewart Grogan hajang’oka. Huko na katika vichochoro vinavyoizunguka ndiko Nairobi inakonunua vipuri vilivyotumika, vingi vikiwa vimeng’olewa kwenye magari huko Japani na kuletwa kwa kontena. Kijana anatumwa, anarudi na kalipa imefungwa kwenye karatasi, inafungwa, gari linaondoka. Miezi michache baadaye rimu ile ile inachemka tena.

Msimamo wangu ni huu: nyingi ya kalipa zinazotangazwa kuwa zimekufa hazijafa. Kilichokufa ni mpira wa bei nafuu na grisi iliyokauka, na anayenunua kalipa iliyotumika bila kubadilisha mpira wake ananunua ugonjwa ule ule kutoka gari jingine.

Tutazame kitu chenyewe. Kwenye Corolla 110, Probox, Nissan B15 na magari mengi madogo yaliyojaa maegesho ya Buruburu na Komarock, kalipa ya mbele ina pistoni moja tu, ya upande wa ndani. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inaibana pedi ya ndani kwenye diski. Pedi ya nje haina pistoni yake. Inabanwa kwa sababu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili za chuma na kujivuta kuelekea ndani. Kwa hiyo kuna miendo miwili inayotegemeana, pistoni itoke na kalipa iteleze, na wowote ukikwama breki haiko sawa.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni ile inayosahaulika: hakuna springi inayoirudisha pistoni. Kazi hiyo inafanywa na sili, mkanda wa mpira wenye pembe za mraba uliolala ndani ya mfereji wa silinda. Pistoni inapotoka, mpira huo unajipinda nayo kidogo. Ukiondoa mguu, unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa umbali usiozidi sehemu ndogo ya milimita. Umbali huo unatosha gurudumu kuwa huru. Sili ikikakamaa kwa uzee, au pistoni ikiota kutu na kukwaruza, ule mvuto mdogo hautoshi. Pedi inabaki imelalia diski kutwa nzima.

Wazo la kubana sahani ya chuma badala ya kutanua viatu ndani ya ngoma ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902. Lilingoja nusu karne kupata heshima, hadi Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa na breki za diski, na miaka 2 baadaye Citroën DS ikatoka kiwandani na diski za mbele. Leo kila Probox inayobeba miraa au kreti za mayai inazo.

Sasa, kwa nini za kwetu zinakwama? Ulaya na kaskazini mwa Japani chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ndiyo adui. Nairobi hatuna theluji, ingawa baadhi ya magari yetu yaliishi kwenye theluji kabla hatujayajua. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515, hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari “jipya” linalotua Mombasa laweza kuwa na mpira wa breki wenye miaka 7, kisha likaendeshwa hapa miaka mingine 15 bila mtu kuufikiria mpira huo. Ongeza vumbi la barabara za ndani za mitaa, ongeza madimbwi na maji ya mitaro yanayofurika kila masika, kama ilivyokuwa Aprili na Mei 2024 magari yalipokuwa yakipita ndani ya maji yanayofika kwenye ekseli. Ongeza kukaa bila kutembea. Mwaka 2020, Nairobi ilipofungiwa kwa sababu ya korona kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai, magari mengi yalisimama nje ya nyumba wiki baada ya wiki. Pistoni isiyosogea, iliyozungukwa na mafuta yaliyonyonya unyevu, hupata kutu pale pale iliposimama.

Lakini mkosaji mkubwa, kwa maoni yangu, ni mkono wa fundi mwenyewe. Makosa ni mawili. La kwanza ni bisibisi. Pedi mpya ni nene kuliko zilizokwisha, kwa hiyo pistoni lazima irudishwe ndani. Fundi mwenye haraka anaichokonoa kwa bisibisi kubwa, na ncha inatoboa ule mpira mwembamba wa kuzuia vumbi. Tundu ni dogo, halionekani, na siku hiyo gari linafunga breki vizuri sana. Maji na vumbi vinaanza kuingia siku hiyo hiyo. La pili ni grisi. Kwenye kopo moja gereji inachota grisi ya bering, ya jointi na ya kila kitu, na kopo hilo hilo linapaka pini za kalipa. Grisi hiyo imetokana na mafuta ghafi, na mpira wa breki hauwezi kukaa nayo: unavimba, unalainika, unaibana pini uliyotaka iteleze. Pini hutaka grisi ya silikoni, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira wa breki. Kijikopo chake ni kidogo na bei yake inamkera fundi, lakini kinahudumia magari mengi. Spana boi anayejifunza kazi kwa kutazama huyarithi makosa hayo pamoja na ujuzi wote mzuri wa mwalimu wake, na siku akifungua gereji yake anaendelea nayo.

Kabla pesa haijatoka mfukoni, gari na lipimwe. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji jeki, kipande imara cha mti au stendi ya kuegemeza gari, na dakika chache. Inua gurudumu linalochemka, mwambie mtu akanyage breki na kuachia, kisha lizungushe kwa mkono. Likiwa gumu, weka bomba jembamba kwenye kijinati cha kutolea hewa nyuma ya kalipa, kifungue nusu mzunguko, utazame. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, kalipa haina hatia. Kuna presha iliyonaswa nyuma yake. Mara nyingi ni ule mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye gurudumu: kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani umevimba na kuziba, unaruhusu mafuta kwenda kwa nguvu ya mguu lakini hauyaruhusu kurudi. Wapo watu waliobadilisha kalipa mara mbili wakati shida ilikuwa mpira huo. Magurudumu yote mawili ya mbele yakishikilia kwa pamoja, mtazame masta silinda au pedali isiyorudi hadi mwisho.

Kama kijinati kimefunguliwa na gurudumu bado ni gumu, hapo shida iko kwenye kalipa. Swali linalofuata ni pini au pistoni, na pedi zenyewe zitatoa ushahidi. Zitoe uzilinganishe. Ikiwa ya ndani imeisha hadi chuma na ya nje bado nene, kalipa haitelezi au pistoni hairudi. Ikiwa pedi moja imeliwa kwa mshazari, nene juu na nyembamba chini, pini moja imekwama na nyingine inateleza. Shika kalipa kwa mikono miwili uisukume kushoto na kulia. Inapaswa kwenda na kurudi kwa nguvu ya vidole, ikipumua kidogo kwenye mipira yake. Pini iliyokwama hutoka kwa kuzungushwa na spana pole pole, ikisaidiwa na dawa ya kulegeza kutu. Ikitoka ikiwa kavu, ya kahawia, na mabaki ya grisi yaliyogeuka kama lami, umempata mwizi. Isafishe, isugue kwa msasa laini ikiwa kutu haijaila, safisha tundu lake, weka mpira mpya na grisi sahihi. Angalia pia kwamba pini hizo mbili huenda si pacha: kwenye Toyota nyingi moja ina kipande cha mpira mwishoni na kila moja ina tundu lake. Zikibadilishana, kalipa itakwama tena, na safari hii haitakuwa kwa uzee.

Pistoni ni kazi ndefu zaidi. Kalipa inatolewa kwenye gari na pistoni inasukumwa nje. Njia salama ni kutumia pedali ya gari lenyewe kabla ule mpira unaotoka kwenye chasisi haujafunguliwa: inakanyagwa taratibu, pistoni inatoka kwa presha ya mafuta. Mafundi wengi wanapenda kompresa, nayo inafanya kazi, ila pistoni inaweza kuchomoka kama risasi. Kipande cha mbao kiwekwe mbele yake na vidole vikae mbali. Ikishatoka, ipeleke kwenye mwanga wa jua. Uso wake una ngozi ya kromu inayong’aa. Madoa ya juu juu yanaweza kusafishwa. Vishimo vinavyogusika kwa ukucha, hasa katika eneo linalopita kwenye sili, vinamaliza mjadala: pistoni hiyo haifai, kwa sababu hakuna mpira mpya utakaoziba vishimo, na kuisugua kwa msasa kunaondoa kromu na kuipa kutu mlango. Ukuta wa silinda, kwa upande wake, unavumilia zaidi, kwa kuwa sili imekaa kwenye mfereji na pistoni ndiyo inayopita juu yake. Kutu inayopaswa kusakwa kwa makini ni ile ndani ya mfereji wenyewe. Ikibaki humo inaisukuma sili dhidi ya pistoni, na breki itashikilia hata kama kila kitu kingine ni kipya. Hapa ndipo ninapompima fundi: akitoa sili ya zamani na kuweka mpya bila kukwangua na kusafisha mfereji, kazi hiyo haijafanyika.

Kusafisha nako kuna adabu yake. Petroli na dizeli, ambazo ndizo sabuni za gereji, ziwe mbali na mpira mpya. Sehemu hizi husafishwa kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki, na sili inaingizwa ikiwa imelowa mafuta hayo hayo. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Lioshwe likiwa limelowa, maana hakuna ajuaye pedi zile za bei rahisi zilichanganywa na nini.

Basi lini kukarabati, lini kubadilisha? Pini zikiwa zimekwama na pistoni ni nzima, kubadilisha kalipa ni kutupa pesa. Sili na mpira wa vumbi vikiwa vimechoka na pistoni ni safi, kiti ya mipira, yaani seti ya sili na mpira wa vumbi, inatosha, na bei yake haikaribii ya kalipa. Pistoni ikiwa na vishimo, uliza kama pistoni peke yake inapatikana. Kwa Toyota za kawaida hupatikana. Nyumba ya kalipa ikiwa imeliwa, kijinati cha hewa kimekatikia ndani, au nyuzi za bolti zimeisha, hapo nunua. Na kama mfuko unaruhusu kalipa mpya ya kampuni inayojulikana, nunua mpya bila kuomba msamaha kwa mtu.

Ila iliyotumika ninaiwekea masharti. Gari likiingia nchini hukaguliwa na umri wake umeandikwa kwenye hati. Kalipa iliyo kwenye rafu ya Grogan imepigwa brashi ya waya na rangi ya fedha, na hakuna karatasi inayoonyesha mpira wake ulizaliwa lini wala gari lake liliishi karibu na bahari au kwenye theluji. Inaweza kuwa nzuri. Chuma cha kiwandani cha Japani mara nyingi ni bora kuliko kalipa mpya ya bandia iliyo ndani ya boksi lenye nembo ya kughushi. Lakini uinunue kama chuma. Isukume pistoni kwa mkono na klampu hapo hapo dukani, inua mpira wa vumbi uchungulie kutu, hakikisha kijinati kinafunguka, na uinunulie kiti mpya ya mipira kabla haijafungwa. Muuzaji akikataa usiinue mpira, ameshakujibu.

Sehemu nyingine za kazi hupuuzwa kwa sababu hazionekani. Diski iliyochemka kwa muda huwa na madoa ya bluu na hutetemesha usukani. Kuichonga kwa mashine kunaitwa kuskimu, na mafundi wa kazi hiyo wapo tele mjini na Industrial Area, lakini diski ina unene wa chini kabisa uliopigwa mhuri pembeni mwake. Waulize wapime kwanza. Pedi zibadilishwe pande zote mbili hata kama upande mmoja pekee ndio ulioliwa, la sivyo gari litavuta. Na kwa magari yenye kalipa za nyuma zinazobeba pia breki ya mkono, kama Volkswagen Golf, pistoni hairudishwi kwa kusukumwa. Inazungushwa kama skrubu, na anayeilazimisha kwa klampu anaivunja kwa ndani.

Halafu mafuta ya breki. Hili ni jambo ambalo ningependa lipigiwe kelele kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo rahisi na ndilo linaloachwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi au zaidi. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa yakishanyonya maji ni nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yananyonya unyevu wa hewa kwa asili yake, ndiyo maana chupa iliyofunguliwa na kukaa kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana haifai, na ndiyo maana hubadilishwa yote takriban kila miaka 2. Maji hayo ndiyo yanayootesha kutu kwenye pistoni kutoka ndani. Na ole wako mtu akikuongezea mafuta ya injini au ya usukani kwa kuwa kopo la breki limeisha. Mipira yote, kuanzia masta silinda hadi kalipa ya mwisho, itavimba, na hapo hutabadilisha kalipa moja bali mfumo mzima.

Tofauti ya nyuzi hizo haionekani kwenye foleni ya Outer Ring. Inaonekana Desemba, familia inapoelekea ushago na gari limejaa watu na magunia, likiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, ile barabara yenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Kalipa iliyokuwa ikiburuta kidogo kidogo Umoja inapandisha joto kwenye mteremko huo, mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Mvuke hubanwa kama hewa, mafuta hayabaniki. Dereva aliyekuwa akilalamikia harufu mwezi mzima anagundua jambo hilo akiwa nyuma ya trela.

Kazi ikimalizika, hewa itolewe hadi pedali iwe ngumu na ya juu, na pistoni inaposukumwa ndani kijinati kiwe wazi ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudishwa kwenye mashine ya ABS. Kabla ya kulipa, panda gari na fundi. Kanyageni mara kadhaa mkiwa mmesimama, kisha mzunguke mtaani kwa mwendo mdogo mkifunga breki taratibu ili pedi zizoeane na diski. Mkirudi, wote wawili pitisheni viganja kwenye rimu. Joto la kushoto na la kulia likikaribiana, mlipe na umwongezee ya chai.

Na kalipa ya zamani iondoke nawe. Usiiache kwenye lile rundo la vyuma kando ya gereji, hata ukiambiwa ni takataka. Wanunuzi wa chuma chakavu huinunua kwa kilo, na biashara hiyo ina mkondo mpana kiasi kwamba serikali ilipoipiga marufuku Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, iliifungulia tena miezi michache baadaye. Lakini pia iko njia fupi zaidi: brashi ya waya, rangi ya fedha, na kurudi rafuni. Iweke kwenye gunia nyuma ya buti. Ile uliyonunua ikikataa baada ya mwezi, huenda nyumba nzuri zaidi ya kuwekea mipira mipya ni hiyo iliyokuwa yako tangu mwanzo.